Kamera Ikae Upande Gani

Kalangalala, Geita
3 Machi 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo dada. Na Mama mfikishie shikamoo yangu, mwambie mjukuu wake Mbuke ameota meno ya mbele na anang'ata kila anachokishika.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu. Simu yangu imeharibika. Barua hii anakuletea Gregory, mume wa jirani yangu Eunice. Anaendesha lori, na mara nyingi yuko hapo kwenu Isaka bandari kavu akisubiri kupakia. Ukijibu mpe yeye mwenyewe, usimpe mtu mwingine.

Huku hatujambo. Baba Mbuke yuko Runzewe, amefungua duara jipya na wenzake, shimo la kuchimba dhahabu. Anasema mwamba bado, wanatoa kifusi tu, kwa hiyo nyumbani anakuja kwa nadra. Ila ametununulia kishikwambi ili tuwe tunaonana. Amekiweka juu ya kabati la sebuleni, kimelala ubavu kwenye stendi yake, kinatazama kochi. Kinawaka kutwa nzima.

Meza yangu ya vitenge pale sokoni nimeifunga kwa muda. Mama usimwambie hilo.

Mdogo wako,
Paskazia


Isaka
11 Machi 2025

Mdogo wangu Paskazia,

Marahaba. Gregory wako nimempata getini, anacheka kila neno, nimempenda.

Wewe mtoto una bahati na huijui. Mimi mume wangu hata nikinyoa nywele zote atagundua baada ya mwezi, na tunalala chumba kimoja. Wako yuko machimboni huko na bado anataka akuone. Nimemsimulia Mama, ameanza tena sifa zake za Maganga. Unakumbuka Pasaka ile mliyokuja? Maganga alimkuta Mama amekaa barazani, akaizunguka nyumba yote kwa nyuma, akaenda kukaa kwa jirani mpaka Mama alipoondoka kwenda shamba. Chakula chake tulimpelekea huko huko. Siku hizi vijana wanakaa na mama mkwe wanatazama tamthilia pamoja, lakini yeye mila ya kwetu anaishika. Mama anasema, "Mkwilima wangu hajawahi kunitazama usoni hata siku moja." Anasema hivyo kwa majirani wote.

Sasa niambie. Meza umeifunga kwa nini? Ile meza ulianza nayo kabla hujaolewa, ukakataa hata kuiacha ulipokuwa na mimba ya Mbuke. Na kama una kishikwambi, mbona hunipigii kwa hicho hicho? Mimi hapa kazini ninacho, makontena yote tunayapiga picha kwa vishikwambi. Nipigie.

Dada yako,
Sesilia


Kalangalala
19 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Simu haikuharibika. Anayo yeye.

Nilidhani ningeweza kukuandikia bila kusema, lakini barua yako nimeisoma nikalia, kwa hiyo nasema. Kishikwambi hiki hakipigi kwenda kwa mtu mwingine. Kina namba yake tu, na amekipanga kijipokee chenyewe akipiga. Sijui atapiga saa ngapi. Nikisikia mlio nakimbia kutoka jikoni, nakaa kwenye kochi na mikono ina unga. Akikuta kochi tupu, nitaulizwa nilikuwa wapi mpaka jioni. Meza sokoni nimeifunga kwa sababu huwezi kuuza vitenge ukiwa umekaa kwenye kochi. Ufunguo wa sanduku la mzigo ameondoka nao.

Lakini hilo nimelizoea. Linalonimaliza ni jingine. Kila tukiongea ananiuliza, "Unamtazama nani?" Namwambia nakutazama wewe. Anasema, "Hunitazami, macho yako yako kwenye mlango wa uani. Nani amesimama hapo?" Dada, namwapia Mungu nakuwa namtazama yeye, uso wake uko hapo katikati ya kioo na mimi namtazama hapo hapo. Nikimwapia ndiyo kwanza anakasirika. Anasema mwongo hujulikana kwa macho, na mimi ni mwongo wa macho makavu.

Juzi alinipiga picha kwenye hayo maongezi akanitumia hapo hapo kwenye kishikwambi. Dada, kweli nilikuwa nimetazama upande wa mlango. Nimejiona mwenyewe. Sijui nini kimenipata. Nimeanza kujiogopa.

Nataka kutoka kwenye nyumba hii niende kwenye meza yangu asubuhi na nirudi jioni. Sitaki kingine.

Paskazia


Isaka
26 Machi 2025

Paskazia mdogo wangu,

Huna ugonjwa wala huna uongo. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikapiga paja langu. Hilo tatizo tunalo hapa ofisini.

Sikiliza. Vishikwambi vingi kamera ya mbele imewekwa kwenye ule upande mfupi, kwa sababu waliovitengeneza walifikiri mtu atakishika wima kama simu. Ukikilaza ubavu, ile kamera inaangukia pembeni. Chako nina hakika iko upande wa kushoto wa kochi, karibu na dirisha. Kitazame, kuna kitone kidogo cheusi kama punje ya mtama. Sasa wewe unatazama uso wa mumeo katikati ya kioo, lakini jicho linalokuona liko pembeni, kwa hiyo yeye anaona umetazama mbali, upande wa kulia. Na upande wa kulia wa sebule yako ndiko uliko mlango wa uani. Ni hivyo tu.

Sisi tukiwa na kikao na wakubwa wa Dar, wote tunaonekana tunatazama ukutani. Bosi wetu Marselino alituita watovu wa adabu mpaka siku alipojiona na yeye.

Kwa hiyo kabla hujajifia, kisimamishe wima. Kamera itakuja juu, utaonekana unamtazama, na maneno yataisha. Au ukiongea naye tazama kile kitone, usitazame uso wake.

Sesilia


Isaka
28 Machi 2025

Shemeji Maganga,

Habari za Runzewe na za duara? Barua hii nampa Gregory wa lori, amesema safari hii anapita huko.

Sitaki kuingilia ya watu wawili, ila nasikia kuna kutoelewana kuhusu macho ya mdogo wangu. Shemeji, tatizo ni kamera. Iko upande mfupi wa kishikwambi, na wewe umekilaza. Mtu yeyote akikaa mbele yake ataonekana anatazama kando. Mwambie mwenzako hapo akupigie kwa kishikwambi kilicholazwa, utaona mwenyewe. Mke wako hana mtu mlangoni. Anakutazama wewe.

Ukiliona hilo, mrudishie simu yake na umwache afungue meza yake. Ni mtu mzima na ni mama wa mtoto wako.

Mimi shemeji yako,
Sesilia


Kalangalala
2 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Ahsante kwa kunirudishia akili zangu. Kitone nimekiona, kiko kweli upande wa dirisha. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Wima nimejaribu, kimekataa. Tundu la chaji liko upande wa pili mfupi, ukikisimamisha waya unabanwa chini na kinaanguka. Kilipoanguka alikuwa amepiga, akaona dari tu. Jioni ile sitaki kuikumbuka. Nimejaribu pia kutazama kitone. Akasema, "Mbona umekodoa macho kama unapigwa picha ya kitambulisho?" Na nikitazama kitone uso wake siuoni, sijui amekasirika au anacheka, najibu ovyo.

Sasa nakuomba kitu kimoja, dada. Maganga asijue hili la kamera. Acha aendelee kuniuliza namtazama nani, nitavumilia. Kwa kuwa kamera iko pembeni, mlango wa uani hauonekani. Nimehakikisha kwa ile picha yake. Eunice anaingia kwa hapo, anasimama kwenye ukuta, ananong'ona habari za sokoni, anachukua barua, anambeba Mbuke akaone jua. Huo mlango ndio pumzi yangu. Akijua, atarekebisha kishikwambi, hatarekebisha moyo wake. Namjua.

Paskazia


Runzewe
5 Aprili 2025

Kwa shemeji yangu mheshimiwa Sesilia,

Salamu nyingi. Kwa mayu, mama mkwe wangu, huko nyumbani sithubutu kutuma maneno yangu moja kwa moja, wewe utajua namna ya kumfikishia heshima zangu.

Barua yako nimeipata na umenifumbua macho. Nilijaribu na Mwigulu, mshirika wangu hapa kwenye duara, na ikawa kama ulivyosema. Alinitazama mimi lakini akaonekana anatazama mkokoteni. Tulicheka sana. Nimekubali kosa langu kwamba nilinunua bila kuuliza.

Kwa hiyo jana nimekwenda Geita mwenyewe kurekebisha. Nimeleta kishikwambi kipya, kikubwa zaidi, kamera yake iko katikati ya upande mrefu. Ukikilaza, mtu anakutazama sawasawa machoni. Tena kinaona sebule nzima, mlango wa mbele na wa uani, na mtu akisogea picha inamfuata yenyewe. Sasa hakutakuwa na maneno kati yetu. Kuhusu simu na meza, tuyaache kwanza nyumba itulie.

Nakushukuru sana shemeji. Watu wenye elimu kama ninyi mnasaidia familia.

Wako,
Maganga


Kalangalala
9 Aprili 2025

Sesilia,

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chooni, kwa sababu hapa tu ndipo hakifiki. Barua nitaitia kwenye beseni la nguo, Eunice ataichukua kwenye kamba.

Uliniambia mimi kisha ukamwambia yeye. Hukuningoja hata nijibu. Ulifikiri akijua siongopi atanifungulia mlango. Amenishika mkono, akasema, "Samahani mke wangu, nilikukosea, dada yako ameniambia," halafu akafungua boksi. Alikuwa mpole dada, alikuwa na furaha kabisa. Alikipanga vizuri, akanikalisha kwenye kochi la katikati, akatoka nje akapiga kutoka barabarani kujaribu. Akasema, "Sasa nakuona vizuri." Nikimpelekea Mbuke uji kwenye mkeka, kinanifuata. Nikiinuka, picha inainuka na mimi. Eunice haingii tena. Alikuja siku ya kwanza, mlio ukalia, akaulizwa na Maganga shida yake ni nini, akasema amekuja kuomba chumvi. Maganga akamwambia chumvi ipo dukani.

Zamani nilikuwa nasingiziwa mtu mlangoni. Sasa hanisingizii chochote, ananiangalia tu. Anapiga haongei. Naona paji la uso wake na kofia ya kazi, naye anafanya shughuli zake huko. Nimekaa.

Nimekukasirikia sana. Lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Paskazia


Isaka
14 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nisamehe. Barua yako ya kuniomba nisimwambie ilinifikia wakati yangu imeshaondoka. Hata kama isingekuwa hivyo, nilitakiwa nikuulize kwanza. Nilijiona mjuzi.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata yale uliyonikataza nisimwambie. Sikuweza kubaki nayo peke yangu. Alikuwa anapepeta karanga. Aliweka ungo chini. Kisha akaniuliza maswali ya ajabu. Hicho kitu kiko juu kiasi gani? Kochi la katikati ni lipi, lile alilotutumia picha yake? Mtu akikaa hapo, Maganga anamwona uso wote? Na Maganga anafungua kutazama bila kubisha hodi? Nikamwambia ndiyo, anafungua tu.

Akasema, "Basi nakuja kumwona mjukuu wangu."

Atapanda na Gregory keshokutwa. Amefunga karanga debe zima, anasema atazimenya huko huko. Usimwambie Maganga kitu. Wewe mwonyeshe kochi tu, halafu usimhangaishe.

Dada yako,
Sesilia


Geita mjini, gesti
27 Aprili 2025

Shemeji Sesilia,

Nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Siku ya Jumatatu nilikuwa kwenye duara, tumepumzika, nikafungua simu nione nyumbani. Mwigulu alikuwa begani kwangu, na mzee Ngassa, mkubwa wetu wa duara, na vijana wa kuvuta kamba. Shemeji, alikuwa mayu. Uso wake wote. Amekaa kwenye kochi langu anamenya karanga, kitenge kimemteleza begani, ananitazama machoni kama wewe unavyonitazama ukinidai jibu. Nikahangaika kuzima, nikabonyeza pasipotakiwa, na ile picha ikazidi kumsogelea. Nikaitupa simu kwenye kifusi.

Mzee Ngassa aliona yote. Aliniuliza mbele ya watu mimi ni mtu wa wapi, mwanaume anayemchungulia mama mkwe wake. Amesema sitashuka kwenye duara na uchafu huo mpaka nipeleke mbuzi ukweni na kuomba radhi. Wenzangu wamekubaliana naye. Nimejaribu tena Jumanne nikiwa peke yangu, nimefumba jicho moja, nikidhani ameondoka. Yupo. Alhamisi yupo. Sijui anakula saa ngapi.

Jana nimekuja Geita kuongea na mke wangu. Nimepita uani, nimesikia mayu anakohoa sebuleni. Mlango wa uani unatokea hapo hapo kwenye kochi. Nimesimama kwenye kamba ya nguo mpaka Eunice akaniona akaanza kucheka. Shemeji, nimelala gesti kwenye mji niliojenga nyumba.

Nakuomba uongee naye, wewe ni mwanaye. Ahamie kochi la pembeni, lile la dirishani. Kama hataki, niko tayari kurudisha kile kishikwambi cha zamani, kile cha kamera ya pembeni. Kile kilikuwa kinatosha.

Maganga


Isaka
1 Mei 2025

Shemeji Maganga,

Pole na gesti. Mama hatuwezi kumpangia pa kukaa, ni mtu mzima na amechoka miguu. Kamera ya katikati umeichagua wewe, na kochi la katikati umelinunua wewe.

Mama mwenyewe hatakigusa hicho kishikwambi, hagusi mali ya mkwe. Ameniagiza kwa Gregory nikuandikie hivi: Paskazia akiwa sokoni, hakuna wa kumtazama hapo sebuleni, na yeye Mama hatakuwa na sababu ya kukilinda kiti. Gregory anapita Runzewe wiki hii. Mpe simu ya mdogo wangu na ufunguo wa sanduku. Na mbuzi awe jike.

Sesilia


Soko la Geita
16 Mei 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo. Naandikia kwenye meza yangu, juu ya vitenge, ndiyo maana mstari unapanda na kushuka. Simu ninayo, ningeweza kukupigia, lakini nimezoea karatasi na hakuna anayeisikiliza.

Gregory alileta vyote viwili, vimefungwa kwenye mfuko wa sukari. Sanduku nilipolifungua panya walikuwa wameshaonja doti moja tu, ya chini. Mbuke analala chini ya meza. Wateja wangu wamerudi, wengine wananiuliza nilikuwa naumwa nini, nawaambia macho.

Usinifurahie sana, dada. Nikisikia mlio wa simu ya mtu yeyote hapa sokoni bado nainuka. Jana niliacha kitenge cha mteja hewani nikakimbia mpaka kwa muuza dagaa, ndipo nikakumbuka. Na jioni nikiingia sebuleni napita nimeinama. Kishikwambi kipo palepale, kimewaka, kinatazama kochi. Nilitaka kukishusha nikashindwa. Kisha nikafikiri, nikakiacha makusudi. Maganga hajapiga tangu siku zile. Hathubutu. Alikuja Jumapili na mbuzi wa kupeleka ukweni, akasimama nje ya uzio, akauliza kwa sauti ndogo kama mayu amelala. Nikamwambia amekaa. Akaniachia mbuzi na hela ya Gregory ya kumfikisha kwenu, akarudi Runzewe bila kunywa hata maji. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui mlango gani upo wazi kwake. Nilimwonea huruma kidogo, siyo nyingi.

Sijui nitafanya nini siku akijua. Nafikiria hilo kila siku nikifunga meza. Lakini kila siku naifungua.

Mbuzi ni jike, mweupe, anapenda kula karatasi, kwa hiyo barua hii isikae karibu naye. Wanashuka wote na Gregory leo: mbuzi, debe tupu la karanga, na Mama mwenyewe, atakayekushikia barua hii mkononi; yuko hapa mezani anangoja lori. Mpunga wake umeiva, anasema ndege hawamngoji mtu. Aliondoka nyumbani alfajiri, amefunga kitenge kipya nilichomkatia jana, na hakuna aliyemwona akitoka isipokuwa Eunice.

Kwa hiyo Maganga akikuandikia, akikuuliza mayu yuko wapi, mwambie yuko kwenye kochi la katikati.

Mdogo wako,
Paskazia